Ugonjwa wa Wilson: ini likipata nafuu, dawa huachwa?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 17, alilazwa mwaka jana akiwa na macho ya manjano na tumbo lililojaa maji. Alitibiwa kwa miezi kadhaa kama mgonjwa wa homa ya ini, ingawa vipimo vya virusi vya B na C havikuonyesha kitu, mpaka daktari wa macho alipoona duara la kahawia limezunguka weusi wa jicho lake, ndipo tukaambiwa ni ugonjwa wa Wilson, yaani shaba kulundikana mwilini. Tangu aanze dawa ya penisilamini tumbo limenywea, na mikono iliyokuwa ikitetemeka hata uji ukamwagika kabla kijiko hakijafika mdomoni imetulia. Sasa anasema amepona na anataka kuacha vidonge. Je, inafaa?

Jibu la tabibu
Asiache, tafadhali. Ini lenye afya hutoa shaba iliyozidi kwa njia ya nyongo; lake haliwezi, kwa sababu jeni ya ATP7B ina hitilafu, hivyo shaba hulundikana kwenye ini kisha hufurika hadi kwenye ubongo, macho na figo. Penisilamini, inayotumika kwa ugonjwa huu tangu 1956, huinasa shaba hiyo na kuipitisha kwenye mkojo, lakini jeni hubaki vilevile. Nimeona wanaoacha kwa kujiona wazima: ini linaweza kushindwa kazi ghafla, na mara nyingi tiba inayobaki hapo ni kupandikizwa ini jingine. Anywe tumbo likiwa tupu, pamoja na vitamini B6, na damu na mkojo vipimwe kila anapopangiwa, maana dawa yenyewe huweza kudhuru figo.

Jibu la mzazi
Dada, na wewe je, umepimwa? Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa nao. Binti yangu alikuwa mzima kabisa, akicheza netiboli, lakini mkojo wa saa 24, tuliokusanya kwenye dumu tulilopewa na maabara, ulikutwa na shaba nyingi. Leo anatumia zinki, na maini na korosho tumemwondolea.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Sijapimwa, wala kitinda mimba wetu mwenye miaka 9. Jumatatu tutakwenda wote watatu, na vidonge vya mdogo wangu nitampa kwa mkono wangu mwenyewe.