Pani ya indaksheni inayochoma chapati katikati na kuacha kingo mbichi: wenye maduka Kisumu, hii si haki

Jameni, nina hasira tangu Jumamosi na leo lazima niitoe hapa.

Mimi hupika chapati za oda huku Manyatta. Mwezi uliopita nilichoka na gesi inayoniishia katikati ya kazi, nikanunua jiko la indaksheni la wati 2000. Nilijua sufuria zangu za alumini haliwezi kuzipasha, kwa hivyo siku hiyo hiyo nikaingia duka moja la vyombo mjini kutafuta pani ya chapati. Kijana wa pale akanitolea moja pana, nyeusi, ya sentimita 30, na kibandiko kimeandikwa kwamba ni ya indaksheni. Nikamuuliza mara mbili kama itaivisha chapati nzima. "Mama, hii inakubali jiko lolote, chukua tu." Nikalipa shilingi 3,200.

Jumamosi nilikuwa na oda ya chapati 40 za mkutano wa chama. Ya kwanza ilitoka na duara jeusi katikati, upana wa kisahani cha chai, na pembeni unga ni mweupe vile vile nilivyousukuma. Nikapunguza moto. Katikati pakawa afadhali, lakini kingo zikakauka kabla ya kuiva, ngumu kama ngozi. Nikawa naizungusha chapati kwa kijiko kila mara ili kila upande upate zamu yake. Kufika ya kumi, pani yenyewe ikaanza kuzunguka juu ya kioo kama pia. Kuiinua, kumbe kitako kimebinuka. Nikarudi kwa gesi, watu wa chama wakala saa nane badala ya saa sita, na mteja yule sijui kama atanipigia tena.

Jioni nikachukua sumaku ya spika ya redio mbovu, nikaigeuza pani, nikaitembeza sumaku kutoka katikati kwenda ukingoni. Katikati iling'ang'ania. Ikasonga vidole vinne, ikaachia, ikaanguka mezani. Nikajaribu pande zote, mambo ni yale yale. Yaani pani nzima ni alumini, wamebandika tu kisahani cha chuma chini, kama sentimita 14!

Kwa asiyejua: jiko hili halina moto wa kupanda kando ya pani kama gesi. Koili, yaani waya uliozungushwa duara chini ya kioo cha jiko, inatoa nguvu ya sumaku, na joto linazaliwa ndani ya chuma cha pani yenyewe. Pasipo na chuma, joto halizaliwi, linasubiri kusambaa kutoka katikati. Kisahani kinapata moto haraka, alumini iliyokizunguka bado baridi, kitako kinavutana mpaka kinapinda. Na hizi pani za nonstiki, zenye utando wa kuzuia chakula kushika, zikipita nyuzi 260 utando huo unaanza kuharibika, na pale katikati unafika huko upesi kama pani haina kitu.

Jumatatu nikaipeleka dukani. Nikaonyeshwa mhuri kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Halafu wakaniambia nimeiunguza mwenyewe. Ni kweli niliwasha wati 2000 moja kwa moja. Lakini nani aliniambia nianze na moto mdogo? Kwenye boksi hakukuwa na hata karatasi moja. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili bidhaa imfae. Mhuri wa duka hauwezi kuwa mkubwa kuliko Katiba.

Sasa napikia pani ya mafundi wa jua kali kutoka soko la Kibuye, bapa la chuma zito, sumaku inashika mpaka ukingoni. Chini ilikuwa na makwaruzo ya tindo, nikaisugua kwa msasa mpaka ikalainika, maana kioo hakisamehe. Nikaipaka mafuta kidogo sana, nikaifuta kwa kitambaa kama vile nataka kuyaondoa yote, nikaipasha mpaka moshi ukaisha, nikarudia mara nne. Siiburuti juu ya kioo, naiinua. Naianza kwa wati 500 dakika kumi hivi, ndipo napandisha, na chapati haikai pale katikati tu, naisogeza, kwa sababu koili bado ni ndogo kuliko pani. Nikimaliza naiosha kwa maji moto bila kuiloweka, naikausha jikoni palepale, naipaka mafuta. Hewa hii ya ziwa ukiiacha na maji usiku mmoja, asubuhi ina kutu.

Kwa hivyo wenye maduka, wekeni sumaku kaunta. Mwacheni mteja ageuze pani ajionee chuma kinaishia wapi. Na andikeni upana wa hicho kisahani, si upana wa pani peke yake, kwa sababu sentimita 30 mnazotuuzia hazipo.

Ijumaa narudi pale na pani, risiti na ile sumaku, niipitishe mbele ya mwenye duka mwenyewe. Kama kuna mtu hapa Kisumu, Kakamega au Nakuru aliyewahi kurudishiwa pesa kwa jambo kama hili, naomba aandike alianzia wapi.