Tupeane uzoefu: hadithi ya kale ya sayansi, ukiisoma leo chini ya volkano ya Nyiragongo

Ndugu zangu, naanza mimi, nanyi mfuate.

Mwezi jana nilirudia Voyage au centre de la Terre (Safari ya kwenda kitovu cha dunia), riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1864. Nilipokuwa sekondari nilimpenda Profesa Lidenbrock kwa sababu haogopi kitu. Safari hii nimewasomea watoto wangu, hapa Majengo, Goma, nyumba yetu imejengwa kwa mawe yaleyale meusi ya lava ya Nyiragongo ya 2002, nikajikuta niko upande wa Axel, yule mpwa mwenye hofu. Axel anamwambia mjomba wake kwamba ukishuka ardhini joto linapanda, digrii moja kwa kila futi 70 hivi. Mjomba hataki kusikia. Leo tunajua kitovu cha dunia kina joto la maelfu ya digrii. Mwoga ndiye aliyesema kweli.

Lakini kilichonishika ni hewa. Watu watatu wanashukia ndani ya volkano ya Snæfellsjökull, kule Iceland, na majuma yote hayo wanapumua vizuri tu. Binti yangu wa miaka kumi akanikatiza: "Papa, na mazuku?" Huku kwetu watoto wanayajua. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini penye volkano, nzito kuliko hewa, inalala mabondeni, haionekani wala hainuki. Asubuhi unakuta mbuzi amelala pale, haamki tena. Nilifunga kitabu, tukazungumza mazuku mpaka ugali ukapoa.

Mwisho wanatupwa nje na mlipuko wa volkano ya Stromboli, huko Italia, juu ya chelezo, lava ikiwasukuma kutoka chini, na wanatoka wazima. Ukurasa huo nilishindwa kuusoma kwa sauti. Usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, tulikimbilia Sake, binti huyuhuyu mgongoni, anga lote nyuma yetu jekundu.

Mwalimu, Bukavu: Pole sana, ndugu. Changu mimi ni Cinq semaines en ballon (Majuma matano ndani ya puto), cha Verne pia, 1863. Utotoni nilishangilia puto likipaa kutoka Zanzibar. Juzi mjukuu aliniomba nimsomee, nikafika pale wenyeji wanapoitwa washenzi. Sikuruka. Nilisoma, kisha nikamwambia: hao ni babu zetu, na aliyeandika hakuwahi kukaa nao.

Mama Lubumbashi: Changu ni Vingt mille lieues sous les mers, cha Verne pia, 1870, cha Kapteni Nemo na nyambizi yake Nautilus. Betri za Nemo zinatumia sodiamu ya maji ya bahari, na ili kuipata anachoma makaa yanayochimbwa chini ya bahari. Profesa Aronnax, anayesafiri naye, anauliza kama anaweza kuwaona wachimbaji kazini. Nemo anakataa: mara hii hapana, ana haraka. Baba yangu alichimba miaka mingi, na leo kobalti ya huku inaingia kwenye betri za dunia nzima. Sura hiyo niliisoma kwa mshumaa, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nilipofika kwenye jibu la Nemo nililia.

Kijana wa Birere: Yaya uliyeanza, hujamtaja Hans, kiongozi wa njia wa Lidenbrock na Axel! Ndiye anayevunja mwamba na kupata maji wenzake wakifa kwa kiu. Mimi nimebeba mizigo ya wageni mpaka ukingoni pa Nyiragongo, na kuna msafara ulioshuka ukaondoka bila kutulipa. Hans analipwa kila Jumamosi jioni, hata huko chini ya ardhi. Sehemu hiyo niliisoma mara tatu, kisha nikampelekea mwenzangu tuliyebeba naye.