Tupeane uzoefu: ni sehemu gani ya A Hard Day's Night iliyokugusa?

Ndugu wapenzi wa filamu, naomba tupeane uzoefu kuhusu filamu hii ya mwaka 1964 ya Beatles, kundi la muziki la Uingereza la John, Paul, George na Ringo, iliyoongozwa na Richard Lester. Mimi niliitazama mara ya kwanza pamoja na marehemu baba, ambaye alicheka mfululizo kwa sababu ya babu yake Paul, yule mzee aliyeigizwa na Wilfrid Brambell, ambaye kila mtu humsifu kwa usafi ilhali ndiye mchonganishi anayemjaza Ringo maneno hadi anaziacha ngoma zake na kwenda kuzurura peke yake. Ringo anapofika kando ya mto, tairi linaloviringishwa na mtoto linamgonga, na wawili hao wanaanza kuongea. Mtoto ametoroka shule, naye anamsimulia Ringo kuhusu marafiki zake, mmoja mmoja. Hapo baba alinyamaza kabisa. Tangu siku hiyo naamini kwamba vichekesho vyote vya filamu hii vinaegemea upweke wa dakika hizo chache.

Mchangiaji wa pili: Nashukuru kwa mada hii. Nilipokuwa nikiishi London nilikwenda Boston Place, kichochoro kilicho ubavuni mwa stesheni ya Marylebone, ambako vijana wa Beatles wanakimbizwa na mashabiki mwanzoni mwa filamu. George anaanguka kifudifudi, Ringo anajikwaa juu yake, kisha wanainuka wakicheka na kuendelea kukimbia. Mwongozaji hakukata kipande hicho, nami namshukuru, kwa kuwa kicheko kile ni chao wenyewe.

Mchangiaji wa tatu: Mimi napiga gitaa katika bendi ya harusi. Ule mlio mmoja unaofungua wimbo wa kwanza niliutafuta kwa wiki nzima bila kuupata, nikadhani vidole vyangu ndivyo vyenye kasoro, mpaka nilipoelewa kwamba gitaa la George lilikuwa na nyuzi 12 na kwamba ndani ya mlio huo imo pia piano ya George Martin, mtayarishaji wao.

Mchangiaji wa nne: Kwa wanaosema kwamba filamu hii haina kisa, mwandishi wake, Alun Owen, alisafiri na kundi hilo kwanza, akasikiliza wanavyotaniana, ndipo akaandika. Mimi nina kaka watatu, na mabishano yao ya mle kwenye behewa la treni katika filamu ndiyo hasa yaliyokuwa mezani kwetu kila jioni.