Naomba ushauri: Stellenbosch, Boschendal na Franschhoek kwa siku moja

Wakuu, tunatoka Cape Town asubuhi na gari la kukodi. Kwanza Stellenbosch, mji wa tangu 1679: kutembea Dorp Street, kisha kuingia Schreuderhuis, nyumba ya 1709. Halafu barabara ya R310 kupitia njia ya mlimani ya Helshoogte hadi shamba la mizabibu la Boschendal, na R45 hadi Franschhoek, walikopewa ardhi wakimbizi Waprotestanti wa Kifaransa 1688.

Tatizo ni kuonja mvinyo. Kikomo cha pombe kwa dereva ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, na vionjo vitano vya mililita 30 tayari ni glasi nzima (kutema inaruhusiwa, ila nani atatema?). Boschendal tuiweke mwisho, au tukodi dereva kabisa?