Orodha ya Krismasi ya baba mwenye Peugeot 504: tuanzie wapi?

BintiWaNakuru
Heshima kwenu nyote. Baba yangu ana Peugeot 504 ya mwaka 1980, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo aliitumia kubeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi kwa miaka mingi, na karo yetu sote wanne ilitoka humo. Sasa amestaafu, lakini kila Jumamosi hufungua boneti hata kama gari halina tatizo. Mwaka huu tumeamua kuchanga fedha tumnunulie zawadi ya Krismasi inayohusu gari hilo. Mimi nilipendekeza rimu mpya zinazong'aa na vifuniko vya ngozi vya viti. Mama akamdadisi pole pole, naye akaandika nyuma ya risiti: kondensa mbili, platini, mpira wa mlango wa nyuma, shokomzoba za nyuma, tairi nne, na mwisho kabisa, "kaka yenu aje na nguo za kazi". Fedha hazitatosha vyote. Tuanze na kipi?

FundiMstaafu
Mwanangu, hiyo risiti itunzeni, kwa sababu imeandikwa na mtu anayelijua gari lake. Rimu za kung'aa ziacheni. Aliyeishi na 504 hataki ibadilike sura, anataka iwake asubuhi na ifike inakokwenda.

Anzeni na platini, yaani vile vibapa viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa kuwashia injini, na kondensa yake, ambazo ni za bei nafuu kuliko vyote. Kondensa ni kikopo kidogo kama ncha ya kidole gumba, lakini kikifa, injini ikishapata moto huanza kukohoa na mwishowe huzima. Mimi iliwahi kunizimikia usiku nikipanda kutoka Mai Mahiu. Nilipofungua kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, tochi ikiwa mdomoni, nilikuta nyuso za platini zimeungua, upande mmoja una kijishimo na upande wa pili una kichuguu. Kondensa ya akiba ilikuwa ndani ya sanduku la spana, nikaibadilisha na kufika nyumbani. Ndiyo maana mzee ameandika mbili.

Kuhusu shokomzoba, mwambieni muuzaji mapema kwamba gari ni lile refu. Nyuma yake kuna ekseli nzima na springi nne, mbili kila upande, tofauti na saluni ya kawaida ambayo magurudumu yake ya nyuma hujitegemea. Ukitaja "504" tu, unaweza kufungiwa za saluni, na sikukuu ikaishia kwenye kurudisha mizigo.

MamaTairi_Arusha
Dada, mimi ningetanguliza tairi, hata kama itabidi mengine yasubiri Pasaka. Gari linalokaa sana huwa na tairi zenye kashata (meno ya tairi) nzuri huku mpira wenyewe umezeeka. Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mume wangu aliuziwa tairi "mpya" ambazo hakuna aliyezisoma tarehe. Moja ilibanduka kashata tukiwa na watoto ndani, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayesoma kabla ya kulipa. Haja ya baba yako ni kubwa zaidi kwa kuwa gari hilo hubeba familia nzima.

Kabureta_Mbili
Naungana na mama kuhusu tairi. Ila kuhusu platini, kwa nini msimfungie mfumo wa kielektroniki ili aachane nazo kabisa?

FundiMstaafu
Mfumo huo ni mzuri, na kwa kijana anayesafiri kila siku ningeukubali. Lakini ukifa njiani hauna la kusugua wala kurekebisha, ilhali platini mzee huziweka sawa kwa geji na bisibisi. Tena yeye ameomba platini. Tusimnunulie tunachokipenda sisi.

Kabureta_Mbili
Nimekuelewa, mzee. Basi fedha ikibaki, mtafutieni picha nzuri ya 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, muitie fremu. Ile ya 1978 ya Jean-Pierre Nicolas ilikuwa kupe, ya milango miwili, yenye injini ya V6 (silinda sita), lakini ya 1975 ilikuwa saluni, ndugu wa karibu zaidi wa gari la nyumbani.

BintiWaNakuru
Nawashukuru sana. Tumekubaliana tairi, platini na kondensa sasa. Shokomzoba na mpira wa mlango mwezi wa Aprili. Kaka yuko Doha na amekwisha kukata tiketi, atafika tarehe 22. Nilipomsomea mstari wa mwisho wa risiti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile ovaroli ya baba ya rangi ya buluu bado ipo. Jumamosi nitapiga picha kibao cha namba ya chesi baba akiwa kanisani, niwaletee hapa kabla ya kuagiza.