Noti nne za tarumbeta: Troy na Avatar

Mwanakwaya wa Kizota: Wakuu, jana kibanda umiza cha hapa mtaani waliweka filamu ya Troy (2004). Hatari ikikaribia tu, tarumbeta zinatoa noti nne zilizobanana. Mwili ulinisisimka: si ndizo zilezile za Avatar (2009)?

Fundi spika: Masikio yako mazima mkuu. Mtunzi wa muziki ni mmoja, James Horner. Alizitumia hata kwenye Willow (1988), na Enemy at the Gates (2001) zimejaa.

Mjukuu wa Chamwino: Marehemu babu alianza kila wimbo wa zeze kwa mkwaruzo uleule. Tukiwa bado kisimani tulijua ni yeye. Sioni kosa.

Mwanakwaya wa Kizota: Ahsanteni. Leo usiku narudia Avatar, nimefumba macho.