Trekta la umeme la bustani (Elec-Trak): betri zipi kwa hela kidogo?

mtoto_wa_moshi
Wakuu salaam. Jirani yangu, mzee wa Kizungu anayehamia kwa mwanawe, kaniachia bure trekta lake la kukatia majani. Ni Elec-Trak la General Electric, umeme mtupu, halina injini ya petroli kabisa. Limekaa bandani miaka mingi, betri zote zimekufa na vichwa vimeota ule unga wa kijani. Nimebaki na njia tatu: betri mpya 6 za volti 6 kama za vigari vya gofu, hizohizo za mtumba, au lithiamu. Bajeti ndogo. Mnanishauri nini?

fundi_baraka
Mkuu, "bajeti ndogo" ndiyo shilingi ngapi? Halafu ni modeli gani: E8, E12, E15, E20? Uko jimbo gani? Kiwanja kina ukubwa gani? Na mota umeijaribu, au unakimbilia dukani tu? Matrekta haya yalitengenezwa kati ya 1969 na 1975, kwa hiyo lako limeshapita mikono mingi.

bi_salma
Na theluji je? Utakatia majani tu au utarushia na theluji? Hapo ndipo jibu lote lilipo.

mtoto_wa_moshi
E15. Minnesota, karibu na Brooklyn Park. Kiwanja kama nusu eka. Theluji ndiyo, lina ile mashine yake ya mbele ya kurushia. Dola 500, na mama watoto hajazipitisha bado. Mota sijaijaribu.

fundi_baraka
Basi usinunue kitu. Azima betri 3 za gari za volti 12, ziunge kwa mfuatano upate volti 36, nyanyua magurudumu ya nyuma, weka stendi za uhakika, kisha jaribu. Betri za gari hazifai kazi ya kudumu, ukizinyonya mpaka chini mara chache tu zimekwisha, ila kwa jaribio la dakika mbili zinatosha. Kabla ya kuwasha, safisha ncha za kontakta (zile swichi kubwa zinazopitisha umeme kwenda kwenye mota) na utazame kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Mengi yanayoitwa mabovu yamekula kutu kwenye kontakta tu.

lithiamu_tu
Lithiamu, basi. Betri 6 za maji, yaani hizo za risasi na asidi, ni kama kilo 170. Za nini zote hizo? Utazijaza maji mpaka lini?

bi_salma
Mdogo wangu lithiamu_tu, ngoja nikusimulie. Mume wangu ana E12. Tulinunua lithiamu ya volti 36 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa kuwa inafaa "mashine zote za bustani". Kwenye tambarare, raha. Siku ya kwanza kupanda kile kilima cha nyuma ya nyumba, visu vinazunguka na majani yamelowa, kitu kikazima. Kimya. Ile saketi ya ulinzi ndani ya betri ilikuwa ya ampea 100, mota ikivuta kwa nguvu inapita hapo, betri inajikatia. Unasubiri, unawasha, unapanda hatua mbili, inazima tena. Watoto wa jirani wamekaa kwenye ngazi wanatutazama kama sinema.

Likaja baridi. Lithiamu ya aina hii haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na gereji yetu haina joto. Chaja inawaka taa, chaji haiingii, theluji iko magotini. Tukataka kurudisha. Muuzaji anasema tumeni wenyewe kwa gharama zenu, na lithiamu ya ukubwa ule huipeleki posta kama kifurushi cha nguo. Bado iko kwenye chumba cha chini, inawasha taa za Krismasi.

lithiamu_tu
Pole dada, ila hiyo ni saketi ndogo, si kosa la lithiamu. Mngenunua ya ampea 200 au zaidi, yenye kipasha joto ndani.

fundi_baraka
Kwa dola 500? Nionyeshe duka nami niende. Tena ile chaja ya zamani ya transfoma imepimwa kwa betri za maji, lithiamu itataka ya kwake. Na ule uzito unaoudharau ndio unaoyapa magurudumu ya nyuma nguvu ya kushika theluji.

lithiamu_tu
Anaweka mifuko ya mchanga.

fundi_baraka
Yaani anunue betri nyepesi, kisha abebe mchanga. Sawa.

kijana_wa_dallas
Kwani ya petroli ina ubaya gani? Mtumba dola 300, unakata majani leo.

bi_salma
Na kelele je? Na kabureta kuziba kila masika?

mama_neema_ohio
Mimi natetea mtumba. Nenda kwa wanaohudumia vigari vya gofu, huwa wanabadilisha seti nzima hata ikiharibika betri moja. Ila nenda na mita ya kupimia volti. Betri nzuri ya volti 6 ikiwa imejaa na imepumzika inasoma karibu 6.37. Ipime tena ikiwa na mzigo, yaani ikiendesha kitu, maana mbovu hudanganya ikiwa imetulia. Bovu moja kati ya 6 itaziangusha zote. Na hizo betri mbovu zako usizitupe, ukinunua mpya duka linakukata hela kama huna ya zamani ya kurudisha.

mtoto_wa_moshi
Nimerudi. Nimeazima betri za gari, magurudumu yamezunguka mbele na nyuma! Mota za visu mbili zinalia vizuri, ya tatu kimya.

fundi_baraka
Kaboni hiyo, au waya. Piga picha.

mzee_wa_sola_dodoma
Hongereni huko. Swali la nje ya mada: hilo trekta linaweza kuvuta jembe kwenye udongo mwepesi? Mimi nina paneli na betri za sola za volti 24, nikiongeza moja ya 12 nafika 36.

mama_neema_ohio
Mzee shikamoo. Usiunge betri mpya na zilizochoka kwa mfuatano, zitasumbuana. Jembe dogo la bustani lilikuwepo kwenye vifaa vyake, ila shamba ni kitu kingine.

mzee_wa_sola_dodoma
Marahaba mwanangu. Na kulisafirisha kwenye kontena mpaka Dar inakuwaje?

kijana_wa_dallas
Mzee, nina mtu wa kontena, nakutumia ujumbe.

mtoto_wa_moshi
Jamani, ile mota ya tatu...